Je, ganzi yenye adrenalini inaozesha kidole?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninachakata samaki Kirumba. Wiki iliyopita kisu cha kutolea minofu ya sangara kilinikata kidole cha pete upande wa kiganjani, na sasa hakikunji. Nimepangiwa kuunganishwa kano (kamba inayokunja kidole) nikiwa macho, kwa ganzi yenye adrenalini, bila kufungwa mpira wa kuzuia damu mkononi. Ndugu yangu muuguzi anasema adrenalini hubana mishipa ya damu, haichomwi kidoleni, kitaoza. Niahirishe?

JIBU: Marahaba. Usiahirishe hata siku moja. Kano iliyokatika hujivuta kuelekea kiganjani, na ukichelewa wiki kadhaa haitafika tena ilikotoka.

Ndugu yako hakuzua. Ndivyo tulivyofundishwa wengi, na inaniuma kwamba somo hilo bado linarudiwa. Hofu ilianza enzi za prokeini, ganzi iliyotumika kabla ya lidokeini, ganzi ya sasa, kuingia sokoni mwaka 1948. Prokeini ikichakaa huwa na asidi kali, nayo ndiyo inayoshukiwa kuua vidole. Lawama ikabebeshwa adrenalini iliyochanganywa nayo. Mwaka 2005 Donald Lalonde na wenzake wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 3,110 waliochomwa adrenalini vidoleni na mikononi: hakuna hata mmoja aliyepoteza kidole. Na ipo dawa ya kuizimua, fentolamini. Ila kama vidole vyako vina shida ya damu tangu zamani, mwambie daktari kabla ya sindano.

Baada ya kuchomwa utasubiri kama nusu saa adrenalini ibane mishipa midogo ya damu, ndiyo maana mpira hauhitajiki. Kidole kitapauka, usishtuke. Utahisi kuguswa na kuvutwa. Ukihisi maumivu, sema, utaongezewa ganzi. Kano ikishaunganishwa utaambiwa ukunje na unyooshe, nasi tutaona palepale kama mshono unaachia au unakwama, kabla hatujafunga ngozi. Aliyelala usingizi hawezi kutusaidia hivyo.

Vidole vyeusi ninavyoletewa mimi vimeuawa na mpira. Mtu anakatwa mwaloni, wenzake wanamkaza tyubu ya baiskeli kwenye kifundo cha mkono au uzi wa nyavu kwenye shina la kidole, anavuka ziwa hivyohivyo, anafika bado amefungwa.

Halafu wapo wa vyumba vya nyuma ya maduka ya dawa. Wamesikia upasuaji huu hauhitaji usingizi, wakadhani hauhitaji utaalamu. Wanafunga kidole kwa kipande cha glavu, wanachoma lidokeini bila kuuliza uzito, wanashona ngozi juu ya kano iliyokatika. Jeraha linapona vizuri, kidole hakikunji maisha. Kiwango cha lidokeini yenye adrenalini hakizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 50 mwisho wake ni miligramu 350: mililita 35 za dawa ya asilimia 1, lakini 17.5 tu za asilimia 2. Anayechota kwa kukadiria hutofautisha vipi chupa hizo? Ikizidi, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, kisha degedege, na moyo unaweza kusimama. Pale dukani nani atauamsha?

Damu ikitoka, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kisha jaribu kukunja kila kiungo cha kidole. Kimoja kikikataa, usikubali kushonwa na yeyote kabla kano haijaangaliwa.