Maswali Yenu: Dawa ya Ganzi na Mafuta ya Utando wa Neva

SWALI: Nasomea utabibu hapa Tanga. Tumefundishwa kwamba dawa ya ganzi huingia kwenye mafuta ya utando wa neva na kuulegeza. Je, kulegea huko ndiko kunakoleta ganzi? Na mbona jino lenye jipu halishiki ganzi?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Utando hulegea kweli, ila hilo peke yake halileti ganzi. Mafuta ya nazi, ambayo Ngamiani ni maji matupu, yapeleke Lushoto mwezi wa Julai uone yanavyoganda. Lipidi, yaani mafuta ya utando, nazo zina joto lao la kuyeyuka. DPPC, lipidi mojawapo inayotumika sana maabara, huyeyuka kwenye nyuzi 41 za Selsiasi. Ukiitia lidokeini (dawa ya ganzi) ya kutosha, kiwango hicho hushuka, kwa sababu molekuli za dawa hujipenyeza kwenye lipidi na kuvuruga mpangilio wa mikia yake.

Wanasayansi Meyer (1899) na Overton (1901) walionyesha kwamba dawa za usingizi zinazopenda mafuta zaidi ndizo zenye nguvu zaidi, na kwa miaka mingi mafuta yakapewa sifa yote. Lakini joto nalo hulegeza utando. Mgonjwa wa malaria mwenye homa ya nyuzi 40 utando wake umelegea kuliko kawaida, na bado ukimdunga sindano anaruka.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye protini, yaani chaneli za sodiamu, vijia vinavyoingiza sodiamu kwenye neva ili ipitishe habari. Mafuta ni njia ya kufikia hapo. Molekuli isiyo na chaji hupenya utando, ikifika ndani hunasa protoni, hupata chaji, kisha huziba chaneli kwa upande wa ndani. Neva haipitishi tena habari ya maumivu.

Sasa jipu. pKa ya lidokeini, yaani pH ambayo nusu ya dawa ina chaji na nusu haina, ni kama 7.9. Kwenye pH 7.4 ya mwili, takriban asilimia 24 ya dawa haina chaji. Usaha una asidi: pH ikishuka hadi 6.4, inabaki asilimia 3 tu. Dawa nyingi hukwama nje ya neva. Tena damu nyingi ya uvimbe huiondoa upesi.

Kwa hiyo usirundike dozi penye jipu, na sindano usiipitishe kwenye usaha, utasambaza maambukizi. Kwa gego la chini, zuia neva ya taya mbali na uvimbe. Vuta bomba kwanza. Ikija damu, sogeza sindano. Subiri dakika 3 hadi 5, ujaribu.

Hesabu kikomo cha dozi kabla ya kuchoma. Lidokeini isiyo na adrenalini ni miligramu 4.5 kwa kilo, isizidi 300. Mtu wa kilo 50: miligramu 225, yaani mililita 11 za dawa ya asilimia 2. Akisema ulimi unakufa ganzi, anasikia ladha ya chuma au masikio yanavuma, acha hapo hapo, ita msaada, mpe oksijeni. Sumu ikiwa kali, hupewa mshipani mafuta maalumu ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kuanzia. Dawa iliyo kwenye damu huyakimbilia, ikapungua kwenye moyo na ubongo.