Shamba Alilitakia Nini? Kwa Wadogo Zangu Mnaopewa Kucheza Adui

Wadogo zangu mlioingia kikundini kwetu, kikundi cha maigizo, mwezi huu, niliziangalia nyuso zenu siku ile ya kugawana nafasi. Aliyepewa stelingi alitoka nje kupiga simu nyumbani. Aliyepewa adui aliukunja mswada, akautia mfukoni, akakaa kimya mpaka tunaagana. Nawaandikia nyote, lakini hasa huyu wa pili. Nimecheza maadui hapa Bagamoyo kwa miaka 22, na leo nikiambiwa nichague upya, nitachagua hukohuko.

Mara ya kwanza nilipewa baba mdogo anayewadhulumu yatima shamba la minazi. Nikauvaa uhusika kama nilivyozoea kuona kwenye vibanda vya video: sauti ya kukwaruza, macho nimeyatoa, na kicheko kirefu kila ninapotoka jukwaani. Watu walizomea usiku kucha, nikalala nimeridhika. Asubuhi nikaenda kununua vitumbua kwa mama mmoja aliyekuwa akipika kwenye njia ya kuteremkia soko la samaki. Usiku ule naye alikuwepo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akavigeuza vitumbua vyake kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, halafu akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, yule bwana shamba alilitakia nini?"

Nikamwambia, mama, yule alikuwa mtu mbaya.

"Ubaya wake nimeuona. Nakuuliza shamba. Minazi ina kazi, mtu haitaki hivihivi."

Nilitafuta la kumjibu, sikuliona. Wiki sita nzima za mazoezi nilikuwa nimeshughulika na kicheko.

Jibu nilianza kulipata kwenye kanda za Columbo, ambazo mwalimu wetu mmoja alikuwa akituonyesha nyumbani kwake Dunda, Jumamosi jioni, watu kumi na zaidi tumebanana mkekani. Ni tamthilia ya upelelezi ya Marekani, kazi ya waandishi wawili, Richard Levinson na William Link. Peter Falk alimcheza mpelelezi Columbo kwenye televisheni kwa mara ya kwanza mwaka 1968, mfululizo wenyewe ukaanza 1971, na ulipokwisha mwaka 2003 zilikuwa zimetimia hadithi 69. Stelingi ni luteni wa polisi wa Los Angeles mwenye koti la mvua lililokunjamana, sigara nene na Peugeot kuukuu. Anaaga, anafika mlangoni, halafu anarudi na swali jingine dogo.

Ila mimi sikuwapeleka huko kwa ajili yake. Nataka mwangalie mpangilio. Karibu kila hadithi inaanza na mauaji yenyewe: unamwona muuaji, unaona anavyopanga, unaona anavyojisafisha. Hakuna kuulizana nani kaua. Columbo mara nyingi haonekani mpaka zipite dakika 15 au 20. Sasa hesabuni wenyewe hizo dakika ni za nani. Adui ndiye anayempokea mtazamaji mlangoni na kumkalisha, na akishindwa kumshika hapo, stelingi atakuta watu wameshaondoka. Ndiyo maana kazi hiyo walikuwa wakipewa waigizaji wazito. Patrick McGoohan alishinda Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mara mbili kwa kucheza muuaji katika tamthilia hii.

Katika wote, ninayempenda zaidi ni Adrian Carsini, aliyechezwa na Donald Pleasence mwaka 1973. Huyu ni mtengenezaji wa mvinyo, mtu mfupi, msafi, anayeshika chupa kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kiwanda ni mali ya ndugu yake wa baba, kijana wa starehe, ambaye siku moja anamwambia anakiuza kwa kampuni inayotengeneza mvinyo wa bei rahisi. Adrian anampiga hapohapo. Halafu anamfunga kamba na kumwacha ndani ya ghala la chini, anazima mtambo wa hewa, anasafiri kwenda New York kwenye mnada. Akirudi, mtu ameshakufa kwa kukosa hewa, naye anaupanga mwili ionekane kijana kapata ajali ya kuzamia baharini.

Hebu mwangalieni anavyozungumza na Columbo kuhusu mvinyo. Luteni hajui kitu, anataka kufundishwa, na Adrian anamfundisha kwa furaha ya kweli. Pleasence hachezi mtu anayeficha maiti, anacheza mwalimu aliyempata mwanafunzi. Maiti imo humohumo ndani, inatosha kwamba sisi tunaijua.

Na anakamatwaje? Siku alizokuwa safarini palikuwa na joto kali mno, na mtambo ulikuwa umezimwa, kwa hiyo mvinyo wote ghalani ukaharibika. Hakuna aliyejua, hata yeye. Columbo anamkaribisha chakula hotelini, na chupa inayoletwa mezani ameichukua kwa siri kutoka ghala la Adrian mwenyewe. Adrian anaonja, anakasirika, anawagombeza wahudumu kwamba kinywaji hiki kimepata joto, hakinyweki. Watu wengine wote mezani wasingetambua kitu. Ulimi wake ndio uliomshitaki.

Nilipoiona sehemu hiyo nilimkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akitembeza kahawa na mabirika yake ya shaba usiku. Ukimpa kikombe cha kahawa ya mtu mwingine alikuwa ananusa tu, anakwambia buni hii imeungulia, chini ya sufuria, si juu. Angeapishwa mbele ya kadhi kwamba haijaungua, asingeweza kusema hivyo. Mtu wa namna hiyo unaweza kumtega kwa kitu kimoja tu, kile anachokipenda. Na hapo ndipo swali la mama wa vitumbua lilipoanza kunifungukia: adui anataka nini, na anakitaka kwa muda gani sasa?

Nikarudi kwa baba mdogo wangu. Nikakaa na mswada, nikajiuliza alikuwa wapi akiwa na miaka kumi. Nikampa maisha ambayo mwandishi hakuyaandika. Walikuwa ndugu wawili, ada ilikuwa ya mmoja. Kaka akapanda vidato vya shule, yeye akapanda vidato vya minazi. Ndiye aliyekuwa mkwezi wa shamba lile tangu mtoto, kila mnazi anaujua kwa goti lake. Kaka akafa, na karatasi ikawa na jina la kaka. Nikamwomba muongozaji ruhusa ya kitu kimoja tu: kabla sijasema neno la kuwadhulumu wale watoto, nitembee mpaka kwenye nguzo iliyokuwa mnazi wetu wa jukwaani, nipitishe kidole gumba kwenye kidato, taratibu, kama mtu anayepapasa kovu. Sauti nikaishusha. Kicheko nikakiacha.

Safari hiyo hawakuzomea. Ukumbi ulinyamaza nikasikia feni. Na mama wa vitumbua, nilipopita kwake, alisema neno moja: "Angeomba tu, wale watoto wangempa." Kisha akanihesabia vitumbua vyangu. Kwa watoto wale, dhuluma ilibaki dhuluma ileile, wala sikutaka watu waisamehe. Nilitaka waione imetoka kwa mtu.

Mwingine wa kumwangalia kwa makini ni Kanali Rumford wa mwaka 1974, huyohuyo McGoohan. Anaongoza shule ya kijeshi ya wavulana. Mwenye mali anataka kuigeuza chuo cha kawaida cha wavulana na wasichana, na kanali anamuua kwa kuutega mzinga wa sherehe umlipukie. Mpenzi wake ni nidhamu, na nidhamu ndiyo inayomtoa: aliona dirishani gudulia la pombe ya tufaha ambayo wanafunzi walikuwa wakiichachusha kwa siri, akashindwa kulinyamazia, akaanzisha msako. Kumbe lile gudulia lingeweza kuonekana tu kwa aliyekuwa pale penye mzinga alfajiri ileile. Kiufundi, jifunzeni kwake kutulia. Hana mikono ya ziada. Ninyi mnaotoka kwenye ngoma mnapata shida hapa, mwili umezoea kujibu kila pigo. Adui asiyetingishika anamfanya mtazamaji ndiye ajikune.

Dada zangu, msikubali kuambiwa adui wa kike lazima awe mchawi au mke mwenza. Mwaka 1977 Ruth Gordon, akiwa na umri wa miaka 81, alicheza bibi mwandishi wa hadithi za mauaji, Abigail Mitchell. Anaamini mume wa mpwa wake ndiye aliyemuua binti yule, na sheria haijamgusa. Anamfungia ndani ya sefu isiyopitisha hewa. Mpwa huyo kwake alikuwa kama mtoto wake wa pekee duniani. Mwishoni anamwomba luteni amwache, kwa uzee wake, naye Columbo anamwambia kwa upole kwamba bibi anaiheshimu kazi yake, na yeye pia ana kazi yake. Mimi hapo kila mara nataka amwache, na kila mara najua hapaswi. Mkiweza kumweka mtazamaji katikati ya mambo hayo mawili, mmemaliza kazi.

Tabasamu mtalikuta kwa Jack Cassidy, aliyekuwa muuaji mara tatu. Ile ya 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana, ni ya waandishi wawili wanaotumia jina pamoja, kumbe anayeandika ni mmoja tu. Cassidy ndiye yule asiyeandika. Anatabasamu kwa sababu hana kitu kingine cha kuwapa watu, na ukilijua hilo, meno yale yanatisha.

Leonard Nimoy, daktari wa upasuaji wa mwaka 1973, nawaonya msianze naye. Ni baridi mwanzo mpaka mwisho, na ubaridi ukiuiga bila kujua unaficha nini unakuwa mbao. Mtazameni kwa sehemu moja tu: anamcheka Columbo, na luteni yule mpole anapiga jagi mezani kwa hasira. Muangalie Nimoy anavyosikiliza wakati huo. Vijana wengi mnasubiri zamu ya kusema. Adui ana njama kichwani, kwa hiyo kila neno la mwenzake linaweza kumuangusha. Hakuna anayesikiliza jukwaani kuliko yeye.

Mtaani watakutukaneni, hilo mlizoee. Mkubwa akikuita jina la mhusika, mwamkie. Usijitetee kwamba ilikuwa maigizo, anajua.

Kanda zile ziliishia kuoza kwa unyevu wa bahari, ila vijana wa ofisini wanazo nyingine kwenye kompyuta. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi. Na wewe uliyeukunja mswada: mhusika wako ni mnunuzi wa samaki anayewakopesha wavuvi nyavu, kisha anawapangia bei. Kabla ya Alhamisi amka alfajiri mbili, teremka mnadani, kaa pembeni kwenye ngalawa iliyopandishwa. Mtafute mnunuzi mmoja, mtazame anavyofunua mashavu ya samaki, anavyobonyeza tumbo kwa kidole, anamwamkia nani na anampita nani. Usimsemeshe, usimpige picha. Ukija, kabla hujafungua mswada, nieleze samaki gani alimshika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.