Theluji, reli na safari ya Januari: ushauri kwa anayehamia Uswidi

Mwezi Januari wa mwaka wangu wa pili nchini Uswidi nilipaswa kuwa Tanga kwa ajili ya arobaini ya bibi yangu, na sikufika. Nilikuwa nikisoma Umeå, mji ulioko kaskazini, na nilikuwa nimenunua tiketi ya treni ya alfajiri hadi uwanja wa ndege wa Arlanda, karibu na Stockholm, pamoja na tiketi ya ndege ya saa tisa alasiri, kila moja kutoka kampuni yake. Safari hiyo ya treni huchukua takribani saa sita, hivyo nilikuwa nimejiachia muda wa saa tatu uwanjani, nikaona kwamba huo ni muda mwingi. Kusini kidogo ya mji wa Sundsvall treni ilisimama msituni, kwa sababu mti wa msonobari uliolemewa na theluji ulikuwa umeangukia nyaya za umeme mbele yetu, na hatukuondoka pale mpaka zilipopita saa nne na dakika kadhaa. Ndege iliondoka bila mimi. Kampuni ya ndege ilinieleza kwamba haikuwa na kosa, na kampuni ya treni ikanieleza kwamba tiketi yangu ya ndege haiihusu. Kwa mujibu wa masharti ya tiketi zile mbili, wote walikuwa sahihi, na mimi nilimpigia mama simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la stesheni.

Naandika haya kwa ajili ya wanafunzi, wauguzi, na wote wanaowafuata wenzi wao huku, kwa sababu kila mwaka nakutana na mtu aliyefika mwezi wa Agosti akaona treni zinaondoka kwa dakika iliyoandikwa, kisha akapanga maisha yake ya Januari kwa imani ileile. Sisi tuliotoka nchi za joto huja na dhana kwamba mataifa ya baridi yameishinda theluji. Baada ya miaka tisa ya kuishi hapa naamini kwamba hayajaishinda, wala hayajaribu kuishinda. Yanachofanya ni kupunguza mwendo, kufuta baadhi ya safari kabla hazijaanza, na kumwambia abiria mapema, naye abiria mwenyeji hujipanga kulingana na habari hiyo. Mgeni huona treni iliyofutwa akadhani mfumo umeanguka, ilhali mara nyingi treni hiyo imefutwa kusudi ili nyingine zipate nafasi ya kupita.

Ili ushauri wangu ueleweke, ni vizuri kwanza kujua theluji huifanyia nini reli. Mahali dhaifu kuliko pote ni swichi, yaani pale ambapo treni huhama kutoka njia moja kwenda nyingine. Kipande cha chuma chenye ncha nyembamba husogea na kubana kwenye reli, na kikizuiwa na bonge dogo tu la barafu, hakibani sawasawa, na taa ya ishara inabaki nyekundu. Ndiyo maana swichi nyingi huwekewa vipasha joto vya umeme, lakini theluji ikianguka kwa kasi kuliko joto linavyoiyeyusha, au treni inayopita ikidondosha mabonge iliyoyabeba kutoka mbali, hakuna njia isipokuwa watu kwenda na ufagio na koleo usiku, katika baridi ambayo mimi na wewe tusingependa kusimama nje hata dakika kumi. Nawaheshimu sana watu hao. Nimewaona saa kumi za usiku wakiwa na taa kichwani, na abiria wa asubuhi hawajui hata kwamba walikuwepo.

Yapo na mengine. Chuma hunywea kikipoa, na reli iliyounganishwa kwa kulehemu bila kuachiwa nafasi huvutika mpaka pengine hupasuka. Barafu hujikusanya chini ya mabehewa, ikaganda kwenye magurudumu na breki, kwa hiyo dereva hulazimika kujaribu breki mara kwa mara na kwenda polepole zaidi, kisha treni huingizwa karakana kuyeyushwa barafu hiyo, kazi inayochukua saa nyingi na inayofanya mabehewa yapungue barabarani. Bonge zito likidondoka treni ikiwa katika mwendo mkali huweza kurusha kokoto za reli zikapiga na kuharibu mabehewa. Nyaya za umeme zilizoko juu, ambazo msomaji aliyepanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma anazifahamu, nazo hufunikwa na barafu, mkono wa treni unaochukua umeme ukawa unarusha cheche.

Kuna jambo lililonishangaza, nalo ni kwamba baridi kali yenyewe si adui mkubwa kama nilivyofikiri. Kipimo kikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, theluji huwa kavu na nyepesi, na upepo ukiwa mdogo reli hufanya kazi vizuri tu. Shida kubwa ipo pale kipimo kinapopanda na kushuka kuzunguka sifuri, mchana maji, usiku barafu, kwa kuwa kila kilicholowa huganda pale kilipo, na theluji nzito yenye maji ndiyo inayokunja miti. Kwa hiyo ukitazama utabiri wa hali ya hewa kabla ya safari, usitishwe sana na namba kubwa. Uogope zaidi siku inayobadilika badilika na siku yenye upepo.

Ukanda wa pwani ya mashariki, ninaopita mara nyingi, una tatizo lake la pekee. Hewa baridi inapovuma juu ya maji ya bahari ambayo bado hayajaganda hubeba unyevu na kuumwaga nchi kavu, sehemu ileile, kwa siku kadhaa, na Waswidi huiita hali hiyo mzinga wa theluji, kwa maana ya mzinga wa vita. Mwezi Desemba 1998 mji wa Gävle ulimwagiwa theluji ya zaidi ya mita moja kwa siku chache, na jeshi likaleta magari yake ya minyororo kusaidia watu. Kati ya Gävle na Sundsvall njia ya reli ni moja tu katika sehemu kubwa, treni zinapishana stesheni, hivyo treni moja ikikwama zote zilizo nyuma yake na zile zinazotoka upande wa pili husubiri. Mimi nilisubiri hapo siku ya arobaini ya bibi. Lau ningekuwa nimeitazama ramani ya reli badala ya ratiba peke yake, ningeelewa kwamba saa tatu hazikutosha.

Nchi hupambana vizuri na theluji inayoijua. Norwei ilifungua reli ya kutoka Oslo hadi Bergen mwaka 1909, na reli hiyo hupanda hadi mita 1,237 juu ya usawa wa bahari karibu na Finse, mahali ambapo hakuna mti unaoota. Wajenzi wake walitambua tangu mwanzo kwamba wangehitaji mapaa marefu ya kufunika njia, uzio wa kuzuia theluji inayopeperushwa, na mitambo ya kuichota, na baadaye, mwaka 1993, likafunguliwa handaki la zaidi ya kilomita 10 lililoiondoa njia katika sehemu iliyokuwa ngumu zaidi. Kinyume chake, mwezi Februari 1991 treni nyingi za Uingereza zilikwama kwa sababu theluji laini kama unga ilipenya kwenye matundu ya hewa ikaharibu mota za umeme, jambo ambalo theluji ya kawaida ya huko, nzito na yenye maji, isingelifanya. Tarehe 18 Desemba 2009 unga wa namna hiyo uliingia nchini Ufaransa kwenye treni za Eurostar, zinazokwenda Uingereza, ukayeyuka ndani ya joto la handaki lililo chini ya bahari, na treni tano zikazimika humo zikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Uswidi nayo haikusalimika: msimu wa baridi wa 2009–2010 na ule uliofuata ulikuwa wa malalamiko makubwa nchi nzima, ndipo maandalizi ya reli ya majira ya baridi yakawa jambo la kujadiliwa hata na wanasiasa.

Sasa nije kwenye ushauri, na wa kwanza ndio ninaousisitiza kwa moyo wote: kama una ndege, mtihani, mahojiano ya kazi au miadi ya ubalozi, safiri siku moja kabla. Gharama ya kulala usiku mmoja, hata kwa rafiki, haiwezi kulingana na tiketi ya ndege iliyopotea, sembuse na msiba au harusi usiyoiona. Kama huwezi kulala, basi panda treni iliyo mbele ya ile unayoihitaji, na uhakikishe kwamba nyuma yake zipo nyingine. Treni ya mwisho ya siku usiitegemee kabisa wakati wa theluji. Ukiwa na safari ya kubadilisha treni njiani, nunua yote katika tiketi moja, kwa sababu hapo anayekuuzia hubeba wajibu wa kukufikisha mwisho hata ukikosa treni ya pili, wakati tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali hukuacha peke yako, kama nilivyoachwa.

Pili, vaa kwa ajili ya treni iliyosimama. Watu wengi huvaa kwa ajili ya behewa lenye joto na mita mia mbili za kutembea hadi kazini, kisha umeme ukikatika msituni, joto la behewa huanza kupungua ndani ya muda mfupi. Siku ile mimi nilikuwa na viatu vya kawaida na suruali ya jinzi, kwa kuwa akili yangu ilikuwa tayari Tanga. Vaa nguo ya ndani ya sufu, maana pamba hushika jasho na kukupoza, na viatu viwe vikubwa kidogo ili soksi nene ikae na hewa ipite. Beba chakula cha saa sita, maji, dawa zako za siku mbili ikiwa unatumia dawa, na chupa ya chai ya moto. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, na betri ya akiba ukae nayo vivyo hivyo. Kama una mtoto mchanga, kila kitu kizidishe mara mbili, nepi kwanza.

Ukiwa jukwaani simama mbali na ukingo, kwa sababu treni inayopita bila kusimama hurusha theluji na vipande vya barafu, na sakafu huteleza. Ukiwa ndani na treni imesimama porini, usifungue mlango wala kushuka hata kama wengine wameanza kushuka. Nyaya za juu zina volti 15,000, njia ya pili huenda ina treni inayokuja, na theluji huweza kuficha mtaro wa kina cha kiuno. Zaidi ya hayo, mtu mmoja akionekana kwenye njia, wasimamizi hulazimika kusimamisha treni zote za eneo hilo, na subira ya kila mtu inaongezeka.

Jifunze maneno machache kabla ya lugha nyingine yote. Försenad ni imechelewa, inställd ni imefutwa, ändrat spår ni kwamba jukwaa limebadilishwa, na ersättningsbuss ni basi la badala. Neno la mwisho ni muhimu sana, kwa kuwa basi hilo mara nyingi halisimami mbele ya stesheni unapotarajia, na tangazo husomwa mara moja tu. Elewa pia kwamba njia za reli ni za taasisi ya serikali iitwayo Trafikverket, wakati treni ni za kampuni mbalimbali. Habari za njia zitafute kwa taasisi hiyo, na madai ya fedha yapeleke kwa kampuni iliyokuuzia tiketi.

Haki zako zidai bila kuona haya. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2023, safari ndefu ikichelewa dakika 60 hurudishiwa asilimia 25 ya nauli, na ikichelewa dakika 120 asilimia 50. Kampuni inaweza kukataa fidia hiyo ikiwa chanzo ni hali ya hewa isiyo ya kawaida, lakini theluji ya kawaida ya Januari katika nchi ya baridi ni vigumu kuiita hivyo, na wajibu wa kukupa chakula au mahali pa kulala pale inapowezekana unabaki palepale. Kwa safari fupi za chini ya kilomita 150, sheria ya Uswidi hutoa asilimia 50 baada ya dakika 20, asilimia 75 baada ya dakika 40, na nauli yote baada ya saa moja. Piga picha ubao wa matangazo, hifadhi kila risiti, na uombe siku hiyohiyo ukiwa bado unakumbuka namba ya treni.

Kwa wanaofanya kazi za zamu, hasa katika nyumba za wazee, mtafute msimamizi wako kabla ya theluji ya kwanza umuulize ni namna gani anataka kuarifiwa treni ikifutwa. Mwenyeji anayetuma ujumbe saa kumi na moja alfajiri kwamba atachelewa haonekani mzembe. Mgeni anayefika saa mbili baadaye akiwa kimya, akitumaini kwamba sababu itaeleweka yenyewe, ndiye anayeharibu jina lake, na nimeona wenzetu wazuri sana wakipoteza kazi kwa ukimya huo.

Tangu mwaka ule nimesafiri kwenda nyumbani mara nne katika majira ya baridi, na mara zote nimelala Uppsala kwa rafiki, vituo vichache tu kutoka Arlanda. Mara mbili treni yangu kutoka kaskazini ilichelewa sana, na mara mbili ilifika kwa wakati. Mama naye amejifunza reli ya Uswidi akiwa Tanga: nikimwambia nakuja, haulizi ndege inatua saa ngapi mpaka kwanza nimwambie kwamba nimeshafika Uppsala.