Kwa wanaoanza kuchora nje: anzeni na mgomba mmoja

Wanafunzi wapya hutamani siku ya kwanza kupelekwa kwenye genge lenye mandhari ya milima ya Usambara yote, nami huwapeleka nyuma ya nyumba yangu hapa Lushoto, penye mgomba mmoja na matuta mawili ya mchicha. Wengine hununa. Lakini jani la mgomba latosha kuwa somo la asubuhi nzima: ukilitazama upande unaopigwa na jua, huakisi anga na kuonekana kama lina ubluu, ukizunguka upande wa pili, jua likiwa linapenya, jani lilelile hukaribia unjano. Anayelipaka kijani kama kilivyotoka kwenye tyubu hajalitazama. Changanyeni bluu na njano wenyewe, kisha tieni chembe ya rangi ya udongo mwekundu ili kijani kisipige kelele.

Fanyeni kazi mapema, kwa maana huku kwetu jua hupanda upesi, na ikifika saa nne vivuli vimeshafupika na umbo la kila kitu limebapa. Mchoraji Claude Monet, aliyehamia Giverny, Ufaransa, mwaka 1883, alikuwa akibeba turubai kadhaa za kuchorea na kuzibadilisha kadiri mwanga ulivyobadilika. Miaka kumi baada ya kuhamia alianza kuchimba bwawa la mayungiyungi, akaendelea kulichora hadi uzeeni. Mimi bwawa sina, na maji ya bomba yenyewe huja kwa zamu.

Kaeni kivulini, karatasi na sahani ya rangi zikiwa kivulini pia. Nilipokuwa mwanafunzi nilichora juani kwa saa mbili, karatasi ikinimulika machoni, nikawa nakoleza rangi bila kujua. Nilipoingia ndani nikakuta bustani yangu imekuwa usiku.

Jambo moja nililifahamu kwa kufundisha watoto wa shule ya msingi. Mtoto aliyewahi kupalilia huchora jani la mchicha likiwa na kikonyo chake, limeshikwa na shina pale linaposhikwa kweli, ilhali asiyepalilia hulibandika popote. Tangu hapo simpi mtu brashi kabla hajapanda kitu. Kwa hiyo Jumamosi mje na vijembe vidogo, na mje saa kumi na mbili na nusu, kwani tuta la pili limevamiwa na magugu na tutaanza na hilo.