Kingamwili au vingamwili?

Swali: Mimi ni muuguzi, naandika kijarida cha wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza. Kuhusu teplizumabu, dawa ya kuuchelewesha ugonjwa huo, niliandika: "Vingamwili hivi huipa kinga usugu kwa kongosho." Mwenzangu amekataa "vingamwili" na "usugu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako, mara zote mbili.

Kinga inatokana na kitenzi kukinga. Ki- hiyo ni ya mzizi, si kiambishi cha ngeli, kwa hiyo haigeuki vi-. Tunasema kinga hii, kinga hizi. Basi kingamwili, yaani protini ya kinga inayojishika kwenye kitu maalumu, nayo ni kingamwili hii, kingamwili hizi. Utaniuliza: mbona kitabu ni neno la Kiarabu na bado tunasema vitabu? Ni kweli, lakini hilo lilitujia kutoka nje, tukalisikia kama neno la KI-VI. Kukinga tunako kinywani kila siku. Tena vinga lipo tayari: ni wingi wa kinga, kijiti chenye moto, kile cha methali "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Vingamwili vyako vitakuwa vijinga vya moto mwilini.

Usugu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Hospitalini, usugu ni wa vimelea visivyosikia dawa; mzazi akilisoma atadhani matibabu yameshindwa. Unachotaka kusema ni kwamba kinga inazitambua seli za mwili wake na kuziacha salama, kama mlinzi anayemjua mwenye nyumba. Huo ni ustahimilivu wa kinga, na katika kisukari hiki ndio uliovunjika: seli T, chembe nyeupe za damu zilizo askari wa kinga, huziua seli beta za kongosho zinazotengeneza insulini.

Angalia pia usiwachanganye wazazi kwa neno moja lenye kazi mbili. Zipo kingamwili za mtoto mwenyewe, zinazoweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla ya dalili. Hizo ziite kingamwili dhidi ya mwili. Na ipo kingamwili tiba, teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022, inayotolewa kwa dripu siku 14 mfululizo. Hiyo hujishika kwenye seli T na kuzipunguza makali. Katika jaribio lililochapishwa 2019 iliuchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka 2, haikuuponya, kwa hiyo kitenzi chako kisiahidi zaidi ya hapo. Ningeandika: "Kingamwili tiba hii hutuliza seli T, ili kinga iistahimili kongosho kwa muda mrefu zaidi."