Chuo cha Kanisa, maiki ya mwanasiasa: nimhamishe binti yangu?

SWALI: Habari dada, mimi ni mama wa watoto wanne niko Moshi, binti yangu yuko mwaka wa tatu ualimu kwenye chuo kikuu kimoja cha Kanisa Katoliki, jina naliacha. Nilienda mahafali ya mpwa wangu hapo hapo chuoni, misa haijaisha mgeni rasmi kapewa maiki palepale panaposomwa Injili, anasema "uchaguzi ukifika mkumbuke nani kawajengea bweni", watu vigelegele, padre kakaa kainamisha kichwa. Halafu binti kaja likizo ananiambia mwalimu wao wa dini kawafundisha Mwanzo sura ya tatu imeandikwa kwa mafumbo. Nimeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada, sikumpeleka huko akapoteze imani. Nimhamishe?
Mama Mwanachuo

JIBU: Shikamoo mama, pole sana. Nianze na huyo mwalimu manake hapo nadhani tunamwonea. Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 390, imeandikwa wazi kabisa kwamba simulizi ya anguko, yaani Adamu na Eva kula tunda kwenye hiyo Mwanzo sura ya tatu, inatumia lugha ya picha lakini inathibitisha jambo lililotokea kweli mwanzoni mwa historia ya mwanadamu. Ni sentensi moja ina nusu mbili, sasa muulize binti taratibu mwalimu alizifundisha zote? Kama zote basi kafundisha Kanisa linavyofundisha. Kama aliishia kwenye mafumbo akafunga daftari, hapo una haki ya kuuliza, tena sheria ya Kanisa kanuni ya 812 inataka anayefundisha teolojia chuo kikuu awe na kibali cha mamlaka ya Kanisa, kwa hiyo kuuliza kama anacho sio utovu wa adabu. Papa Yohane Paulo wa Pili naye mwaka 1990 alitoa waraka wa vyuo vikuu vikatoliki, Ex Corde Ecclesiae, walimu Wakatoliki wawe waaminifu kwa mafundisho na wasio Wakatoliki wayaheshimu, na waraka huohuo unalinda uhuru wa kitaaluma. Binti kusoma vitu vigumu akarudi na maswali mezani kwako mimi naona ni chuo kinafanya kazi yake.

La bweni ndo limeniuma. Mtu akishasimama hapo akataja bweni na uchaguzi kwa pumzi moja, kesho mwanafunzi akitaka kuandika utafiti kuhusu serikali msimamizi wake ataanza kumwambia badilisha mada, na hakuna mkutano uliokaa kuamua hivo, watu wanajiogopea tu wenyewe. Na usiambiwe haiwezekani kukataa mama. Wenzetu Kenya, Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alikataza wanasiasa kuhutubia kwenye mimbari, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza pesa alizotoa Rais Ruto kwenye parokia ya Soweto, hapohapo Nairobi, zirudishwe. Hiyo ni parokia ya watu wa kipato cha chini, na shida ya hela walikuwa nayo.

Kuna kingine cha kuangalia, nani anateuliwa. Harvard ya Marekani ilianzishwa 1636 na Wapuritani, Waprotestanti waliotoka Uingereza, waliotaka wachungaji wenye elimu. Mwaka 1805 kiti kimoja tu cha profesa wa teolojia, kilichokuwa wazi tangu 1803, wakampa Henry Ware aliyekuwa Myunitariani, yaani haamini Utatu Mtakatifu, na waliopinga wakaenda kuanzisha seminari yao Andover. Kwa hiyo nafasi ya kazi ikitangazwa ndo muda wa kuuliza, ukisubiri miaka kumi utakuta wameshazoeana.

Kumhamisha hapana, yuko mwaka wa mwisho, ng'ombe wako wasiende bure. Andika barua kwa Mkuu wa Chuo, kwenye vyuo vyetu vingi huyo ni askofu, weka tarehe ya mahafali na maneno yenyewe ya mgeni uliyoyasikia kwa masikio yako, uliza kwa heshima bweni lilipokelewa kwa masharti gani na nani aliruhusu maiki kabla ya baraka ya mwisho. La mwalimu usilichanganye humo, hilo mwachie binti aliulize darasani. Nakala mpe paroko wako, na mtafute japo mzazi mwingine mmoja aliyekuwepo siku ile msaini pamoja.