Zane Grey wa Grosset & Dunlap: mwaka 1912 usikubabaishe

Mkuu, umeuliza kama nakala uliyopata ya Riders of the Purple Sage, riwaya ya Mmarekani Zane Grey, ya jalada gumu na yenye "January, 1912" ndani, ni toleo la kwanza, na kama siyo, uirudishe. Tazama chini ya mgongo wa kitabu. Pakiwa pameandikwa Grosset & Dunlap, hiyo ni chapa ya marudio, hata kama kurasa za ndani zinamtaja Harper, mchapishaji wa kwanza.

Nami yalinikuta. Naishi Ohio, jimbo alikozaliwa Zane Grey, na muuzaji mmoja wa huku aliniuzia nakala kama yako kwa bei ya toleo la kwanza. Nilipofika nyumbani nikaiweka chini ya taa, ndipo nikaliona lile jina mgongoni. Iliniuma sana.

Iko hivi. Harper ndio waliotoa riwaya hiyo 1912. Grosset & Dunlap kazi yao kubwa ilikuwa kurudia vitabu vilivyokwisha kupata wasomaji, wakiviuza kwa bei ya chini, na mara nyingi walichapia bamba zilezile za mchapishaji wa kwanza. Ndiyo maana tarehe ya Harper ikabaki. Ni tarehe ya riwaya, siyo ya nakala uliyoishika.

Umri wa nakala utafute kwenye ile karatasi ya picha inayovikwa juu ya jalada, kama bado ipo. Mara nyingi ina orodha ya riwaya nyingine za Grey. Ukikuta humo The Vanishing American, iliyotoka kama kitabu 1925, basi karatasi hiyo haikuchapwa kabla ya hapo. (Wapo wanaovua karatasi ya kitabu kimoja na kukivika kingine, kwa hiyo angalia kama mikunjo na uchakavu vinalingana.) Yangu ina maandishi ya penseli ukurasa wa mbele, mtu akimzawadia baba yake Krismasi ya 1931. Kwangu hayo yana thamani kuliko jina la Harper, na nakala ile sikuirudisha.

Wewe kama ulilipa bei ya marudio, baki nayo. Kama ulilipa ya toleo la kwanza, dai hela yako wiki hii hii, na umtumie muuzaji picha ya mgongo wa kitabu. Ila karatasi ikiwa imechanika, tafadhali usiibandike selotepu. Gundi yake hugeuka njano na doa halitoki.